Vileja vya Idi na Pishi ya Mchele

Kumi la mwisho la Ramadhani huingia katika nyumba zetu na shughuli mbili: ya msikitini na ya jikoni. Ya kwanza haikosi wa kuieleza. Leo twapenda kuisema ya pili, maana nayo ina adabu zake na hukumu zake, na mwenye kuzipuuza huenda akaitia dosari hata ile ya kwanza. Mfano wetu tumeuchagua katika nchi ya Kyela, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, huko Talatala na vijiji vya jirani. Kwani huko neema na mtihani wa sikukuu hupikwa katika chungu kimoja.

Ama neema, ni mpunga. Mchele wa Kyela wajulikana Tanzania nzima kwa harufu yake nzuri, na mtu wa Dar es Salaam huutafuta sokoni kwa jina. Tena Wanyakyusa tangu kale ni wafugaji wa ng'ombe, na penye maziwa samli haiko mbali. Basi katika biskuti zote za Idi tulizorithi kwa Waswahili wa mwambao, iliyo karibu zaidi na mama wa Kyela ni kileja, kwa kuwa unga wake ni wa mchele na mafuta yake ni samli. Anachohitaji kununua dukani ni sukari na iliki.

Na ama mtihani, ni majira. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Idi ya Mfunguo Mosi ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, na ya mwaka 2025 ilikuwa tarehe 31 Machi. Hizo ni siku za mvua kubwa huko Kyela: mpunga ungali shambani, ghala limepungua, na watoto wanauliza nguo mpya. Hapo ndipo mlanguzi hubisha hodi, akitaka kununua mpunga ungali mbichi, au kakao ingali mtini, kwa bei ya shida. Baba naye hukubali, ili kopo la biskuti za dukani lionekane mezani wageni wanapoingia.

Ndugu zetu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Bei ya salamu ni mlango mwingine, una masharti yake yajulikanayo, na anayeutaka na amwendee mwanachuoni amfundishe. Lakini kuuza jasho la miezi mitano kwa ajili ya furaha ya asubuhi moja, hata akili peke yake yatosha kulikataa. Idi haikufaradhishwa iwe deni.

Basi tazameni jinsi sinia la vileja lisivyohitaji gharama kubwa. Twaa unga wa mchele nusu kilo, samli robo kilo, sukari robo kilo iliyotwangwa ikawa laini, mayai mawili, na iliki ya kusaga kijiko kimoja kidogo. Mchele uoshwe, ulowekwe usiku kucha, uchujwe, uanikwe, utwangwe na kuchekechwa. Kwa kuwa hewa ya ziwani siku za mvua ina unyevu mwingi, unga huo ukaushwe sufuriani juu ya moto mdogo bila kubadilika rangi, kisha uachwe upoe.

Piga samli na sukari mpaka vigeuke vyeupe na vyepesi. Tia mayai moja moja, kisha iliki, kisha unga kidogo kidogo mpaka upate donge laini. Unga wa mchele hauna ule mnato ulio katika unga wa ngano. Kinachoushika ni samli na yai. Kwa sababu hiyo usipunguze samli kwa ubahili. Wala mawese, ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia nchi hiyo kwa michikichi yake, yasishike nafasi ya samli hapa, kwani rangi na ladha yake zitakishinda kileja. Fanya viduara, vibonyeze kidogo, upange kwenye sinia.

Asiye na jiko la kuokea asikate tamaa. Atie mchanga mkavu katika sufuria kubwa, aweke sinia juu yake, afunike kwa bati na kupalia makaa, moto wa juu uzidi wa chini. Kileja kikiiva hubaki cheupe juu na huwa na wekundu kidogo chini. Kisiguswe kingali moto, kwani kitavunjika. Wala kisifungiwe koponi kabla ya kupoa kabisa, kwani mvuke wake wenyewe utakilainisha. Kwa kipimo hiki hupatikana vileja 40 hivi.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, mkubwa na mdogo, yaani kilo mbili na nusu au karibu na tatu. Nyumba ya watu saba ina pishi saba. Nusu kilo ya unga wa vileja haifiki hata robo ya pishi moja. Hivyo asiseme mtu kwamba vileja vimemzuia kutoa, wala asiguse mchele wa vileja kabla hajaupima wa maskini. Na ipimwe mbele ya watoto, kwa mchele ule ule ulio mzuri, si chenga zilizobaki kwenye ungo. Tena imfikie mwenyewe kabla ya watu kwenda kusali. Mtoto aliyeona pishi ikitangulia na sinia likifuata amesoma somo kubwa bila ya ubao.

Na sinia likishatoka, lisiishie ndani. Katika nchi ya Wanyakyusa, ambako wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri waliingia mwaka 1891, jirani wa Mwislamu mara nyingi ni Mkristo. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, kwa kuwa alimsikia Mtume akiusia sana haki ya jirani. Ikiwa hivyo ndivyo walivyokuwa wao kwa nyama, sisi tuna udhuru gani kwa sahani ya vileja?

Enyi vijana wetu, wa kiume na wa kike, kazi ya kupeleka sahani hiyo ni yenu. Pigeni hodi, salimuni kwa heshima, toeni kwa mikono miwili. Na Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na atupe Idi isiyo na deni. Amina.