Ulimi si Shahidi wa Nasaba

Juzi nilikuwa Mashimoni, huko Kibera, Nairobi, nimeketi kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chakula. Pembeni yangu vijana wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alikuwa amesoma kwamba Kiingereza, Kihindi na Kiajemi ni lugha za ukoo mmoja. Akasema: "Basi Mzungu na Mhindi ni damu moja." Kisha akamgeukia mwenziwe, ambaye ni Mnubi: "Na nyinyi kwenu ni Sudan, maana lugha yenu ni Kiarabu." Nilinyamaza kwa adabu ya ugeni, lakini maneno yale yalinikera, na leo nataka kuyajibu.

Hilo la ukoo wa lugha ni kweli. Mwaka 1786, huko Calcutta, jaji wa Kiingereza William Jones alieleza kuwa Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zimefanana mno hata haiwezi kuwa ni sadfa. Lazima chimbuko ni moja. Tazama: mama kwa Kilatini ni mater, kwa Kiajemi madar, kwa Kiingereza mother. Wataalamu wengi leo wanasema lugha hizo zilienea kutoka mbuga za nyasi kaskazini ya Bahari Nyeusi, ambako wafugaji walianza kutawanyika kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, wengine wakaelekea Ulaya, na baadaye wazao wao wakafika Uajemi na Bara Hindi.

Ila kila walikofika walikuta watu, wakaoana nao, na wenyeji wengi wakaacha ndimi zao wakashika za wageni. Kwa hiyo asemaye Kihindi leo hakurithi damu ya wafugaji wale peke yake. Wanazi wa Ujerumani walilichukua jina Arya, ambalo Wahindi na Waajemi wa kale walijiita, wakaligeuza kuwa hati ya damu bora. Dunia ikavuna mauti ya mamilioni.

Sisi watu wa pwani tunao ushahidi wetu. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Ilidhihirika kwamba tangu karibu mwaka 1000 wanaume kutoka Asia, wengi wao wa asili ya Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Basi kisa cha Washirazi si ngano tupu. Lakini je, watoto wale walisema lugha gani? Ya mama zao! Kiswahili kikabaki Kibantu, na Kiajemi kikatuachia maneno kama nahodha, bandari na serikali. Damu ilikaa, ulimi haukukaa.

Kwa Wanubi mambo yalikwenda kinyume. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan, watu wa makabila mbalimbali, waliounganishwa na jeshi, Uislamu na Kiarabu cha kambini, ndicho kilichozaa Kinubi. Waingereza waliwatumia katika King's African Rifles, wakawaweka Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hata hivyo wazao wao walihesabiwa wageni miaka mingi. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kuwa Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia, na mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipopewa hati ya ardhi ya ekari 288.

Nikaangalia mbele ya kijana yule. Chapati ni neno la Kihindi, sambusa la Kiajemi, meza la Kireno, glasi la Kiingereza. Yote manne ni ya ukoo ule ule alioutaja, naye huyatamka kila siku bila kuwa Mhindi wala Mzungu.

Katika Suratur Rum, Mwenyezi Mungu ametaja kuhitilafiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Hakutupa ndimi ziwe za kumfukuzia jirani. Ukitaka kujua kwao mtu ni wapi, usisikilize anavyosema. Uliza wazee wake wamezikwa wapi. Wanubi wanazikana Kibera.