Filimbi Haimwamshi Kiziwi
Na Zaina Ndayishimiye

Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, hapa Burundi, ukaua watu na kukata barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafurika na kuingia majumbani, hata mwezi Aprili serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada wa dunia. Tangu hapo tunahimizana kupeana tahadhari mapema. Lakini tahadhari zetu ni redio, kipaza sauti, filimbi na jirani anayegonga mlango, zote za masikio. Kiziwi aliyelala hana lake humo.

Dawa ipo. Kwingineko nyumba ya kiziwi huwa na kengele inayowasha taa badala ya kulia, pamoja na kidude bapa kama kisosi, kinachowekwa chini ya mto na kutetemeka mpaka aliyelala aamke. Mtetemo huo ndio wa kutangulizwa. Watafiti wa Australia walipowajaribu watu wenye usikivu hafifu wakiwa usingizini, kitanda kinachotetemeka kiliwaamsha wengi kuliko taa ya kumweka.

Utaambiwa umeme hakuna na vifaa ni ghali. Ni kweli nyumba nyingi hazina umeme, ila kutetemesha mto kunahitaji betri ndogo tu, na hata simu ya vitufe iliyochajiwa kwa sola inaweza kuanza kuifanya kazi hiyo. Ujumbe mfupi huitikisa kidogo ikanyamaza. Kwa hiyo mtoa tahadhari apige, arudie kupiga. Wengine watasema jamaa watamwamsha kiziwi. Udugu huo ni hazina yetu, lakini yuko mzee anayelala peke yake, na yuko mama kiziwi mwenye watoto wachanga, ambaye yeye ndiye wa kuwaamsha wenzake. Usalama wao usingoje mtu awakumbuke huku kila mmoja akikimbiza wanawe.

Tena hili si suala la hisani. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na kifungu chake cha 11 kinaidai serikali iwalinde watu hao wakati wa maafa. Basi wakuu wa vilima na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wapite nyumba kwa nyumba, wawaandike wasiosikia kwa ridhaa yao, na wafadhili wanaoleta mahema baada ya mafuriko walete vitetemeshi kabla ya mvua. Nawe msomaji, kama jirani yako hasikii, kubalianeni leo namna utakavyomwamsha.