Kifungu cha 15 Hakifanyi Kazi Kigali

Kuna maneno yameenea sana kati yetu siku hizi, kanisani, kwenye vikao vya likelemba, hata kwenye simu za usiku na ndugu walioko Nakivale: "Aliyezoea kuishi kwa kidogo hawezi kushindwa na Kigali." Mara nyingi anayeyasema ni kijana aliyezunguka. Alitoka Bukavu, akakaa Kampala, akashuka Nairobi, akafika mpaka Mombasa, kote huko na begi moja mgongoni na makuta ya kubahatisha. Sasa yuko Nyamirambo na anawafundisha wenzake maisha. Mimi nasema somo lake ni la uongo, tena linaumiza watu.

Safari zake siziwezi kuzidharau. Mtu aliyepita mipaka mitatu bila pesa ana akili, hilo tumpe. Lakini tuulize: hiyo akili ilifanya kazi kwa sababu gani? Sisi Wakongomani tuna katiba yetu isiyoandikwa popote, na kifungu chake kinachojulikana na mtoto na mzee ni kimoja tu, cha 15: jitafutieni. Kujidebruye. Tumekifanyia mzaha na tumekila kama chakula. Tatizo ni kwamba kifungu cha 15 hakimlishi mtu peke yake. Kinahitaji mji wenye nyufa.

Kampala ina nyufa. Boda moja inapakia watu watatu na mnagawana nauli. Kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage juu, kinakushikilia mpaka jioni. Ukiwa na soksi kumi za kuuza unazitandika mkononi na kuingia Katwe, na ukifukuzwa upande huu unatokea upande ule. Nairobi pia ina nyufa zake. Nauli ya matatu inashuka saa za mchana watu wakipungua, mama mboga anakukatia sukuma ya shilingi chache, na konda ukimwambia "nina hii tu, kaka" anaweza kukutukana lakini akakubeba. Goma mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kijiko. Hiyo ndiyo maana ya "kuishi kwa kidogo": bei inakubali kuvunjwa vipande, na kuna mtu mbele yako anayeweza kukuonea huruma au kuchoka na maneno yako.

Sasa panda basi hapa. Unahitaji kadi, na kadi inahitaji salio. Ile mashine haina sikio, jamani. Utaiambia nini? Kuanzia Machi 2024 serikali iliacha kulipia sehemu ya nauli, kama ilivyokuwa ikifanya tangu siku za korona, na nauli ikapanda kwa kila mtu, mwenye mshahara na asiye nao. Motari mtapatana bei, sikatai, lakini hawezi kuwabeba wawili. Kofia ya abiria ni moja. Ukisema utembee, Kigali ni milima. Vyumba vya bei nafuu viko chini bondeni na kazi ziko juu.

Biashara ya mkononi je? Hapa kuuza barabarani kumekatazwa, na faini inamfuata muuzaji na mnunuzi pia. Mji ulijenga masoko madogo ili waliokuwa wakiuza barabarani waingie ndani, na wengine wameingia kweli. Lakini meza ya soko inataka mtaji, na mwenye soksi kumi hana mtaji. Ana soksi kumi.

Msinielewe vibaya. Mji huu ni msafi, na usiku dada zetu wanatembea bila kushika roho mkononi. Kwa mtu aliyekimbia bunduki hilo si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba usafi na usalama vina risiti. Kila mwezi nyumba inatoa pesa za irondo na pesa za takataka. Maji ya jerekani yanalipiwa, Cash Power inalipiwa, mituweli ya matibabu inataka mchango wake kila mwaka. Kila kimoja ni kidogo. Vikikaa pamoja mwisho wa mwezi vinapiga kelele kama watoto wenye njaa.

Na havifiki hata kwenye kodi. Kigali haimshindi mtu kwenye sahani ya melanji. Inamshinda siku ya kwanza kabisa, mlangoni. Komisiyoneri anataka chake kwa kukuonyesha chumba. Mwenye nyumba anataka miezi kadhaa mbele, mara nyingi mitatu. Ukijumlisha, mtu anahitaji pesa nyingi kwa pamoja kabla hajalala usiku mmoja. Kuna ufundi gani wa kuishi kwa kidogo unaozaa kodi ya miezi mitatu kwa siku moja? Unaweza kuruka chakula cha mchana mwaka mzima na bado usiifikie. Zaidi ya hapo vyumba rahisi vinapungua. Tangu Desemba 2019 watu walihamishwa kwa wingi kutoka kwenye mabonde yenye maji, na mwaka 2022 mtaa wa Kangondo, ule watu waliouita Bannyahe, ukamalizwa na wakazi wake kupelekwa Busanza. Kuna sababu zilizotolewa, na mabonde yale yanafurika kweli. Lakini aliyekuwa akipanga huko chini lazima apande juu, na kila hatua ya kupanda ina bei yake. Wenyeji wenyewe wanaumia. Mimi na wewe wenye kadi ya mkimbizi tuko wapi kwenye foleni hiyo?

Wako pia wenzetu wengine wa begi, wale wazungu vijana unaowaona Kimihurura na Remera. Wametembea kwa basi kutoka Nairobi, wengine kutoka Cairo, wakijivunia kuishi kwa dola chache kwa siku. Wakifika hapa wanashtuka. Kahawa inawatisha, kitanda kinawatisha, na kibali cha kuwaona sokwe wa Volkano kinawamaliza kabisa: dola 1,500 kwa mtu mmoja, tangu Mei 2017 kilipopandishwa mara mbili kutoka 750. Hiyo bei haikupanda kwa bahati mbaya. Nchi iliamua kupokea wageni wachache wanaolipa sana, na sehemu ya mapato inayorudi kwa vijiji vinavyozunguka mbuga ikaongezwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Ni uamuzi wenye hesabu yake. Lakini tuusome vizuri: bei inafanya kazi ya mlinzi wa geti. Kijana wa Ulaya akiambiwa na bei "wewe hapana", anacheka, anakata tiketi ya kwenda Kabale, na hadithi yake ya msafiri aliyevumilia inapata ukurasa mmoja zaidi. Mkimbizi akiambiwa na bei hiyo hiyo "wewe hapana", anakwenda wapi?

Kambini, mtasema. Haya, tuzungumze kambini. Mwaka 2018 posho ya chakula ya faranga 7,600 kwa mtu kwa mwezi ilikatwa kwa asilimia 25, ikabaki 5,700. Mwaka 2021 ukaja mpango wa kutupanga kwa madaraja, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa kwenye posho. Mwaka huo huo Gihembe, kambi iliyokuwepo tangu 1997, ikafungwa kwa sababu ya mmomonyoko, watu wakahamishiwa Mahama. Mtoto aliyezaliwa Gihembe akakulia pale na akasoma pale hajawahi kulipa kodi ya nyumba maisha yake yote. Halafu anafika Nyabugogo asubuhi moja na kaka yetu wa begi anamwambia: vumilia tu, mimi niliishi Kampala kwa chapati.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Maneno haya yanageuza bei kuwa tabia. Aliyeshindwa kodi anaonekana hajui kujitafutia, mvivu, ameharibiwa na misaada. Nimesikia mama wa watoto wanne akiambiwa hivyo mbele ya watu, kwenye kikao kilichoitwa mafunzo ya kujitegemea, na mtu aliyekuwa amelala bure sebuleni kwa shangazi yake kwa miezi sita. Hakuna aliyemuuliza shangazi alilipa nini. Kila mwenye hadithi ya kuishi kwa kidogo ana shangazi wa namna hiyo mahali fulani, na shangazi haingii kwenye hadithi.

Na mafunzo yenyewe! Tunafundishwa kuweka akiba, kuandika matumizi kwenye daftari, kutofautisha haja na tamaa. Mtu anayegawa faranga mia tano kati ya jerekani na sabuni hahitaji daftari kulijua hilo. Angeweza kumfundisha mwalimu.

Tunayoweza kufanya wenyewe yapo, na hayahitaji mradi wa mtu. La kwanza ni kusema bei. Ndugu akipiga simu kutoka Mahama au Nakivale na kuuliza "huko kunakalika?", tumtajie kodi ya chumba, nauli ya kwenda na kurudi, pesa za irondo, kila kitu kwa faranga, kabla hajauza mbuzi wake. Wengi wetu hatusemi kwa sababu tunaona aibu, tunataka aamini tumefika mjini. La pili ni likelemba. Leo tunazungusha pesa zetu, za vitenge, za harusi, za msiba. Tuanzishe mzunguko mmoja ambao kazi yake ni kodi ya mwanzo ya anayefika, naye arudishe polepole kama wanavyofanya majirani zetu kwenye ibimina vyao. La tatu ni kazi. Sheria inaturuhusu kufanya kazi, lakini waajiri wengi wakiiona kadi ya mkimbizi wanadhani ni karatasi ya kuomba msaada. Viongozi wetu wa jumuiya wanaoonekana kila penye kamera waende kwa waajiri hao na kuwaeleza, mlango kwa mlango.

Na kaka wa begi tunamhitaji kwenye likelemba hiyo, kwa sababu anawajua watu kila mji na mdomo wake ni mzuri. Aje na mchango wake wa mwezi wa kwanza. Shangazi yake naye aje, tumsikie yeye kwanza.