Miili Yetu Si Kipimo Chenu

Wasee wa Nairobi, kabla mnirukie kwenye komenti: sina shida na paka wenu.

Paka akikonda huko Kilimani anapelekwa kwa daktari wa mifugo. Matone machache ya damu, kifaa kidogo cha plastiki, dakika kumi hivi, na mwenyewe anaambiwa kama paka wake ana virusi vya lukemia ama ule ugonjwa watu huita ukimwi wa paka. Mnyama mmoja, jibu siku hiyo hiyo. Poa sana. Hivyo ndivyo inafaa kuwa.

Sasa njoo huku kwetu Garissa. Mbuzi wa boma zima wanatupa mimba wiki moja. Wana-kondoo wanakufa kabla hawajasimama vizuri. Wengine damu inawatoka puani. Jibu linakuja lini?

Historia yetu inasema linakuja baada ya mazishi.

Naongelea Homa ya Bonde la Ufa. Na si ati ni kitu kigeni kilitushtukiza. Wanasayansi waliieleza mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Zaidi ya miaka 90 Kenya inaijua hii kitu. Tunajua pia venye inakuja. Kuna mbu ambao mayai yao hulala na virusi kwenye udongo wa madimbwi yaliyokauka, hata miaka kadhaa, yakingoja mafuriko. Mvua kubwa ikituama, mayai yanaanguliwa, mbu wanauma mifugo, virusi vinaongezeka ndani ya mifugo. Halafu ndio zamu yetu: kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kuchinja, kuchuna, kumsaidia mbuzi anayetupa mimba, kushika damu, kunywa maziwa mabichi.

Mpaka leo hakuna ushahidi kwamba mtu humwambukiza mtu mwenzake. Soma hiyo mara mbili. Ugonjwa unapitia kwa mnyama na mbu kwanza, na ukimpima mnyama mapema, una nafasi ya kuuona kabla haujaingia nyumbani.

Lakini sisi huwa tunaungoja uingie.

Mwisho wa 1997, mvua za El Niño, watu wakaanza kufa huku Kaskazini Mashariki. Watafiti walikuja baadaye wakakadiria kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu kama 27,500 waliambukizwa. Sawa, tuseme ile mara walishikwa bila kujua.

Miaka tisa baadaye, 2006, mvua ikarudi. Safari hii wataalamu wanaosoma picha za setilaiti walikuwa wameshatoa onyo wiki kadhaa mapema kwamba Afrika Mashariki iko hatarini. Katikati ya Desemba, Wizara ya Afya ikapata ripoti za watu wa Garissa wanaokufa na homa na kutokwa damu. Kufikia tarehe 20 Desemba, vifo 11 vilikuwa vimeripotiwa. Sampuli za wagonjwa 19 wa kwanza zilipopimwa, 10 zikaonyesha Homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko ule ulipoisha mwaka 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155.

Juni 2018, Wajir. Tena habari ikaanza na mgonjwa aliyefika hospitalini akitokwa damu, akafariki.

Mnaona mtindo? Kila mara kipimo cha kwanza ni mwanadamu. Si mbuzi, si kondoo. Ni baba ya mtu.

Na kuna takwimu inayoniudhi kuliko hizo zote. Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, watafiti walikaa chini na wafugaji Wasomali wa huku wakahesabu siku. Kwa wastani, kutoka mnyama wa kwanza kushukiwa hadi mtu wa kwanza kuugua zilipita siku 17 na nusu. Hadi watu wa afya kuingilia kati, siku 30. Hadi watu wa mifugo kuingilia kati, karibu siku 62.

Yaani ugonjwa wa mifugo, na daktari wa mifugo anafika mwezi mzima baada ya daktari wa watu! Na zile siku 17 na nusu ndizo zilikuwa nafasi yetu. Zilipita hivyo hivyo.

Hapa ndio mtu huniambia, "Lakini wafugaji hawakuripoti, hawajui dalili." Walaal, tulia. Wasomali wa huku wana jina la huu ugonjwa: sandik. San ni pua, dhiig ni damu. Watafiti wale wale walikuta wafugaji wanakumbuka dalili vizuri, na wanajua mfuatano wote: mvua isiyo ya kawaida, maji kutuama, mbu kama wingu, halafu mifugo kutupa mimba. Mzee ambaye hajawahi kukaa darasani alikuwa na picha nzima kichwani. Kilichokosekana ni mtu wa kumuamini na chupa ya kuwekea damu.

Mwingine atasema, "Mbuzi hutupa mimba kwa sababu nyingi." Kweli kabisa. Kuna brusela, kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, kuna njaa tu. Hiyo ndiyo sababu ya kupima! Kama dalili zingetosha, maabara ingekuwa ya nini? Hata upande wa watu ni hivyo hivyo. Homa, kichwa, viungo kuuma: huku hiyo inaitwa malaria ama taifodi, unapewa dawa unarudi nyumbani. Wengi wanaopata Homa ya Bonde la Ufa hupona na hawatajua waliipata. Wachache huharibika macho, wengine ubongo huvimba, na walio chini ya 1 kwa 100 hutokwa damu. Katika hao wanaotokwa damu, karibu nusu hufa. Huwezi kuanza kuchunguza na hao wa mwisho.

Na kupima si uchawi. Siku za kwanza virusi viko kwenye damu, unatafuta chembe za jeni zake. Siku chache baadaye unatafuta kingamwili za mwanzo, zinazoonyesha maambukizi ni ya juzi. Zile nyingine zinazokaa miaka zinakuambia tu kwamba mnyama aliwahi kuupata. Shida ni kwamba sampuli inataka baridi, inataka gari, inataka barabara. Na mvua inayoleta mbu ndiyo inayokata barabara. Novemba 2023 Mto Tana ulifurika na barabara ya Garissa kupitia Madogo ikakatika. Sasa niambie, mpango ambao unategemea damu ya mbuzi ifike Nairobi ikiwa baridi, wakati magari yamekwama upande wa pili wa maji, ni mpango gani huo?

Garissa kuna maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo. Ipo. Swali langu ni moja na nataka lijibiwe hadharani kabla ya mvua kubwa ijayo: itakuwa na vifaa vya kupima virusi hivi na kutoa jibu hapa hapa, ama itakuwa kituo cha kufunga sampuli kwenye boksi?

Na tuwe wakweli kuhusu kitu kingine. Mfugaji akisema ukweli, anaadhibiwa. Mwaka 2006 na 2007 karantini iliwekwa, mifugo haikusafirishwa, uchinjaji ukasimamishwa. Hasara kwa uchumi wa Kenya ilikadiriwa kupita shilingi bilioni 2.1. Lazima ulinde watu, sipingi. Lakini mwenye mbuzi anajua simu moja inaweza kufunga soko la Garissa, na soko ndilo karo, ndilo unga, ndilo dawa ya mama. Hakuna anayemwambia atalipwa nini. Adeer wangu mmoja alipiga simu licha ya hayo yote, mwaka wa mvua mbaya. Ofisi aliyoipigia, siitaji jina, ilimwambia asubiri. Alisubiri. Hakuna aliyekuja, si na sindano, si na swali. Sijui mbuzi wake walikuwa na nini, na hakuna atakayewahi kujua, kwa sababu hawakupimwa. Sasa ukimwambia apige tena, atakuangalia tu.

Msitupeleke mbio na habari ya "hakuna pesa." Katiba ya 2010 iliweka udhibiti wa magonjwa ya wanyama na masoko ya mifugo mikononi mwa kaunti. Kila mnyama anayeuzwa sokoni, kuna ada inalipwa. Kama kaunti inajua kuhesabu ng'ombe mzima anapoingia sokoni, ijue pia kumhesabu anapougua malishoni.

Ninachodai ni hiki.

Boma likitupa mimba kwa wingi baada ya mvua, ichukuliwe kama dharura, na damu itolewe ndani ya siku, si miezi. Jibu litoke Garissa. Anayeripoti mapema afidiwe, asifilisiwe. Na chanjo ya mifugo ije onyo la mvua linapotoka, si mlipuko ukishaanza, kwa sababu wakati huo sindano inayotumika kwa mbuzi wengi inaweza yenyewe kusambaza virusi.

Na nyinyi vijana wa Bula Iftin, wa Garissa University, wa Eastleigh mnaotuma pesa nyumbani mifugo inunuliwe: hii ni yenu pia. Mbuzi wakitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu, na usichinje mgonjwa ati asipotee bure. Chemsha maziwa, najua ladha inabadilika, chemsha tu. Halafu toa simu uandike: tarehe, mahali, wangapi wametupa mimba, wangapi wamekufa, damu puani ipo ama haipo. Peleka kwa afisa wa mifugo, na nakala kwa MCA wako. Wakikaa kimya, weka hadharani siku umeripoti na siku wamekuja, tuhesabu pamoja.

Wakati ule hesabu ya siku 62 ilifanywa na watafiti, mambo yakiwa yameshaisha. Safari hii tuifanye sisi, mvua ikinyesha.