Kwaheri ya kuuzia tiketi

Juni 2022 nilikuwa Atlanta, uwanjani, nikiwatazama Poison, Def Leppard na Mötley Crüe. Niliimba mpaka sauti ikakauka, sikatai. Lakini hawa Mötley Crüe si ndio walioita waandishi mwaka 2014 wakasaini mkataba kwamba baada ya 2015 hawafanyi ziara tena? Watu wakanunua tiketi za kuagana hadi Desemba 31, 2015. Mwaka 2019 wakatangaza wanarudi!

Uzee si kosa. Kwetu zilipendwa tunazicheza kwa heshima. Kosa ni kuuza kwaheri ya uongo. Na sisi waandishi tulioutangaza mkataba ule bila kuhoji, tumo. Mwanasiasa akigeuka hivyo tunamwita mwongo. Mwanamuziki je?