SIMITI MPYA YATAKA MAJI, NA MAJI YATAKA MTU WA KUYAMWAGA



Siku hizi habari ya simiti imeingia katika mabaraza makubwa. Wataalamu wasema ya kuwa katika kila sehemu 100 za hewa ya kaboni inayotokana na kazi za wanadamu, karibu sehemu 7 au 8 zatoka katika simiti, na hewa hiyo ndiyo inayozidisha joto la dunia. Sisi wa bonde la Nyando, ambao mto umetuingilia majumbani mara nyingi, hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa mvua isiyo na kiasi. Tumeyasoma maneno ya mabwana hao na twayakubali. Ila kuna mtu mmoja ambaye hatukumwona ndani yake, naye ni kibarua mwenye karai.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si kila mwanachama amepata kuona tanuri. Simiti yaanzia kwenye mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa na kuchomwa Koru, mwendo mfupi kutoka kwetu ukipita Muhoroni. Mawe husagwa pamoja na udongo, yakaokwa katika tanuri lenye joto la digrii 1,450 hivi, yakatoka vidonge vigumu viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo ndiyo simiti. Sasa, ukitia motoni kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 hugeuka hewa ya kaboni zikaenda zao angani, ukabaki na kilo 56. Ndiyo kusema hata kama tanuri lingepashwa moto na jua tupu, jiwe lenyewe lingetoa hewa hiyo. Zaidi ya nusu ya hewa ya kaboni ya tanuri yatoka ndani ya jiwe, na iliyobaki ni ya makaa na mafuta. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa simiti iliyo karibu klinka tupu umekwisha kuacha angani karibu kilo 40 kabla haujafika dukani Awasi.

Kwa hiyo dawa waliyoiona wataalamu ni kupunguza klinka na kutia kitu kingine mahali pake. Jambo hili si geni. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, na kuba la Pantheon huko Roma, lililomalizwa karibu mwaka 125, lingali limesimama. Hapa Kenya nasi tuna mawe ya volkano, na simiti nyingi ya bei nafuu tunayojengea nyumba zetu imechanganywa nayo zamani. Siku hizi kuna na simiti nyingine iliyofanyiwa utafiti Uswisi, Kuba na India. Nusu yake ni klinka, na sehemu 30 katika 100 ni udongo mweupe wa kaolini uliookwa kwa joto la digrii 700 hadi 850 tu. Sehemu 15 ni jiwe la chokaa lisilochomwa, na iliyobaki ni jasi. Hupunguza hewa ya kaboni kwa sehemu 30 hadi 40 katika 100. (Asije mtu akachota udongo mweusi wa shambani kwake akadhani amepata utajiri. Udongo wetu huu huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, nao ndio unaotuvunjia misingi.)

Wengine wataja maganda ya mpunga, na hapo Ahero tunayo, na majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni. Ni maneno mazuri, lakini tuyapige hesabu. Tani moja ya mpunga hutoa maganda kilo 200 hivi, na maganda hayo yakichomwa hutoa majivu kilo 40. Haujai hata mfuko mmoja. Majivu hayo yafaa kwa matofali na kazi za kijijini, na vijana wachache waweza kupata riziki kwayo, lakini anayewaahidi watu wa Ahero kiwanda kikubwa cha simiti ya mpunga ataka kura zao tu.

Sasa tuje penye jambo letu. Simiti hizi zenye klinka kidogo hukomaa polepole. Zege ya simiti ya kawaida yataka kuwekwa majimaji siku 7 kwa uchache. Zege ya simiti iliyochanganywa yataka siku 10, na ni bora zikifika 14. Isipopata maji, ngozi yake ya juu hubaki na matundu madogo madogo. Ndipo linapotokea jambo la ajabu: ile hewa ya kaboni iliyo angani huingia katika matundu hayo, ikaiondolea zege ile nguvu yake ya kuvikinga vyuma visipate kutu. Vyuma hushika kutu, vikafura, na nguzo ikapasuka. Kilichofukuzwa tanurini chapenya tena kwenye nguzo, kwa sababu hakuna aliyelipwa kumwaga maji.

Na ni nani anayelipwa? Kila mwanachama wa ujenzi ajua desturi. Siku ya kumwaga slabu wanaitwa watu thelathini. Jioni kila mmoja apewa fedha yake, na asubuhi hakuna mtu ila mlinzi wa usiku anayejiandaa kwenda kulala. Jua la Awasi laanza kazi yake saa tatu. Slabu yapasuka kama midomo ya mtu mwenye homa, kisha fundi apaka simiti nyepesi juu ya nyufa, na mwenye nyumba aambiwa kazi ni safi. Baada ya miaka michache kalavati limevunjika, latiwa jingine, na simiti yatumika mara ya pili. Hapo faida yote ya wataalamu imekwisha.

Tusiwalaumu mafundi bure. Wasema fundi atia maji mengi mno katika mchanganyiko, na ni kweli. Mfuko mmoja wataka lita 25 hivi, pamoja na maji yaliyomo katika mchanga. Ukitia mitungi miwili ya lita 20, zege yapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Lakini fundi afanya hivyo kwa sababu zege nyepesi yaenda upesi, na bwana amesimama na saa mkononi, wala hakuleta mashine ya kushindilia. Mpe mashine na siku ya pili, uone kama atamwaga mtungi wa pili.

Sheria nayo tuitazame. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Wako wakontrakta wanaokiogopa kifungu hicho kuliko wanavyoogopa mafuriko, kwa hiyo huwabadilisha watu kila siku chache. Wakati huo huo wataka simiti ya kisasa inayohitaji mtu yule yule kwa siku kumi na nne. Mambo hayo mawili hayapatani, na hatujasikia mkutano wa wataalamu ukiyazungumza.

Tena kuna vumbi. Majivu ya mpunga yaliyochomwa kwa moto mkali kupita kiasi huwa na chembe zinazokata mapafu, na simiti mbichi yachoma ngozi, iwe ya kale au mpya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, yamtaka mwajiri kutoa nguo na vyombo vya kujikinga. Kitambaa cha shingoni kilichofungwa puani si chombo cha kujikinga.

Basi chama chataka hivi. Katika kila kazi ya serikali ya kaunti, iwe shule, soko, zahanati au daraja, siku za kumwagilia ziandikwe katika mkataba kama mifuko ya simiti inavyoandikwa: siku ngapi, watu wangapi, kwa mshahara gani. Injinia asitie sahihi malipo ya zege kabla ya siku hizo kwisha. Watu wa kumwagilia wachaguliwe katika wale wale walioimwaga, maana wanajua palipo na udhaifu. Na maji yaletwe na kontrakta, wasitumwe mama zetu mtoni bure.

Wajumbe wa matawi ya Awasi, Ahero na Muhoroni wanaombwa waandike mijengo yote ya kaunti iliyomwagwa zege mwezi huu katika sehemu zao, na kando ya kila jina waandike siku ngapi ilimwagiwa maji na ni nani aliyelipwa. Karatasi hizo ziletwe kwa katibu kabla ya mkutano ujao, ili tuwe nazo mezani tutakapokwenda kuonana na wakubwa wa kazi.