Tusimtume Mtoto Sigara



Ni jioni. Baba ameketi nje ya nyumba. Amechoka kwa kazi ya shamba. Anamwita mwanawe na kumwambia, "Shika hela hii, kaniletee sigara dukani." Mtoto anakimbia. Akirudi anaambiwa, "Haya, niwashie jikoni."

Mtoto anaingia jikoni na kuchukua kijinga cha moto. Sigara haiwaki vizuri bila kuvutwa. Kwa hiyo mtoto anaitia mdomoni. Anavuta mara moja, anavuta mara ya pili, anakohoa. Kisha anampelekea baba yake.

Je, ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kuvuta sigara? Si marafiki wabaya. Ni sisi wazazi.

Mimi pia nilitumwa hivyo nilipokuwa mdogo. Hakuna aliyeona kuwa ni kosa. Waliotutuma hawakuwa na nia mbaya. Lakini leo tunajua zaidi, na anayejua hana budi kubadilika.

Tunajua nini? Katika tumbaku mna sumu iitwayo nikotini. Mtu akivuta, sumu hiyo hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache. Ubongo huizoea, kisha huidai. Ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka miaka 25 hivi. Kwa hiyo kijana hunaswa upesi kuliko mtu mzima. Ndiyo maana wavutaji wengi walianza wakiwa bado vijana.

Moshi wa sigara huleta saratani ya mapafu, ya koo na ya mdomo. Huleta pia ugonjwa wa moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Kati yao, zaidi ya milioni 1 hawavuti. Wao huvuta moshi wa wenzao. Mtoto mchanga anayelala katika nyumba yenye moshi wa sigara anaweza kupata nimonia au pumu.

Siku hizi kuna pia sigara za umeme. Ni kifaa kidogo chenye betri. Ndani yake mna maji ambayo mara nyingi yametiwa nikotini. Betri huyapasha moto, na kijana huvuta mvuke wake. Mvuke huo hunukia embe au peremende. Vijana wetu huziona mjini na kwenye simu. Wengine husema, "Huu ni mvuke tu, si moshi." Harufu nzuri isitudanganye. Nikotini ni ileile, na kijana hunaswa vilevile.

Hivyo basi, tuzungumze na vijana wetu. Lakini tuzungumze namna gani?

Kwanza, tuulize kabla ya kukemea. Mwulize kijana, "Wenzako wanavuta? Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Kijana anayegombezwa kila mara hujifunza kuficha. Hajifunzi kuacha.

Pili, tuseme mambo yaliyo karibu naye. Kijana wa miaka 15 haogopi saratani ya uzeeni. Lakini anapenda kucheza mpira, na mvutaji huishiwa pumzi upesi. Tena fanyeni hesabu pamoja. Sigara 3 kwa siku ni sigara 90 kwa mwezi. Kwa mwaka ni sigara 1,095. Zidisheni kwa bei ya dukani kwenu. Fedha hizo zingenunua madaftari mangapi? Zingenunua kuku wangapi?

Tatu, tuseme kweli. Kuna swali moja ambalo baba wengi wanaliogopa. Kijana atauliza, "Mbona wewe unavuta?" Kwa ajili ya swali hilo, baba wengi hunyamaza kabisa. Ndugu yangu, usinyamaze. Jibu hivi: "Nilianza nikiwa kama wewe. Nilidhani nitaacha siku yoyote nikitaka. Nimejaribu, ni vigumu. Sitaki yakupate wewe." Maneno hayo hayakuvunjii heshima. Mwanao atayakumbuka kuliko kiboko.

Kisha jaribu tena kuacha, naye akuone. Nenda zahanati uombe ushauri. Mtu akikaa mwaka 1 bila kuvuta, hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu.

Nanyi wenye maduka, mna wajibu wenu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto akija na kusema, "Nimetumwa na baba," mwambie kwa upole, "Mwambie baba aje mwenyewe." Baba akikasirika leo, kesho atashukuru.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tuanze na jambo dogo ambalo halina gharama. Anayetaka sigara aende dukani mwenyewe. Aiwashe mwenyewe, mbali na watoto. Tusimtume mtoto sigara.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Je, katika kijiji chetu watoto hutumwa sigara? Tufanye nini ili tuache?

2. Kijana wako akikuuliza, "Mbona wewe unavuta?", utamjibu nini?

3. Hesabuni fedha za sigara za mtu mmoja kwa mwaka. Zingefanya kazi gani nyumbani?